Nakala ya Ijumaa

Jumatatu, 3 Machi

Nimeficha mambo mawili kwa miaka ishirini na miwili. La kwanza nitaliandika leo, maadamu mkono bado unashika kalamu. La pili sijui.

La kwanza ni hili: Pole-Pole hakukosa. Nilikosa mimi.

Basi. Limetoka. Nilidhani kalamu itagoma.

Daktari amezungumza leo. Hakusema na mimi, alisema na Kasuku, huko ukumbini, ila mlango haukufungwa vizuri. Koo limekwisha. Sauti itaondoka wiki hii au ijayo, na mengine yatafuata. Kasuku akauliza mengine yapi. Akaambiwa ahesabu wiki, asihesabu miezi. Akarudi chumbani anatabasamu kama mtu aliyebanwa kidole na mlango. "Baba, daktari anasema unajitahidi!" Muongo. Amejifunza kwangu.

Kisha akaniuliza kama aniletee bumu. Bumu ni maji. Neno lake mwenyewe, alikuja nalo akiwa na miaka minne, yeye na gauni moja na kiatu kimoja. Kila tulilosema alilirudia, ndiyo maana tukamwita Kasuku, lakini hilo moja hakulipata kwetu. Hatukujua kalitoa wapi. Likabaki la nyumba nzima. Hata marehemu mke wangu, siku za mwisho, aliomba bumu.

Jumatano, 5 Machi

Niandike kwa mpangilio, kama ripoti. Ripoti nilikuwa naziweza.

Ofisi yetu ilianzishwa baada ya yale mafuriko makubwa, kuwaunganisha watu waliopotezana. Tulikuwa na orodha mbili tu. Waliopatikana, wengi wao watoto. Na Wanaotafuta. Kila anayetafuta alijaza fomu: umbo, umri, alama ya mwilini, na swali la mwisho – jambo ambalo mtu baki hawezi kulijua. Kompyuta ililinganisha orodha hizo, na kila Jumatano ikachapa majina yaliyokutana. Mimi nilikuwa msimamizi wa hifadhidata. Pole-Pole alikuwa msaidizi wangu. Jina tulimpa kwa sababu kila kitu alikikagua mara mbili, hata mlango wa choo.

Hifadhidata ina mafaili machache ambayo ndiyo roho yake. Moja ni dogo sana, tuliliita faili kiongozi. Lenyewe ndilo linalojua mengine yote yako wapi na yamefikia wapi. Likipotea, yaliyobaki ni kurasa za kitabu kilichokatika uzi. Kwa hiyo kanuni ni moja: nakala tatu, kwenye diski tatu tofauti. Moja ikifa, mbili zipo.

Lakini diski zetu hazikuwa zetu. Zilikuwa kwenye ghala la pamoja, kabati kubwa la chuma ghorofa ya chini, likitumiwa na kila idara katika jengo: watu wa magari, watu wa kamera za ulinzi, sisi. Kwenye skrini yangu zilionekana diski tatu, kila moja na jina lake. Mtunza ghala aliniambia tangu siku ya kwanza. "Mzee, hizo tatu zisikudanganye. Ni kabati moja, nimelikata vipande kama mkate." Nikacheka naye. Nikapanda juu, nikajaza fomu: nakala tatu, diski tatu tofauti. Sahihi. Muhuri.

Ndiyo maradhi ya watu wa kazi yetu. Skrini ikituandikia tatu, tunaona tatu.

Pole-Pole hakuona tatu. Alishuka ghalani, akafuata nyaya kwa kidole mpaka zilikoishia. Kisha akaniandikia barua, maana alipenda mambo yawe kwenye karatasi. Aliomba mawili. Nakala moja ihamishiwe kwenye diski iliyo ndani ya mashine yetu wenyewe. Na vipande vyetu vifungiwe, visionekane kabisa na mashine ya idara nyingine. Nikamwambia nitalishughulikia. Barua ikaingia kwenye droo. Mwezi uliofuata akaleta ya pili. Nikamtania mbele za watu: "Huyu siku akioa atadai vyeti vitatu vya ndoa, kila kimoja kilale nyumba yake!" Ofisi nzima ikacheka. Na yeye akacheka. Droo tena.

Kazi yenyewe ingenichukua asubuhi moja. Nusu siku, kama ningekuwa mvivu.

Nimechoka.

Ijumaa, 7 Machi

Ilikuwa Jumanne. Watu wa kamera walileta mashine mpya, wakaiunganisha na ghala. Mashine ikaona diski tatu isizozijua. Ikauliza, kwa adabu kabisa: Diski hizi hazitambuliki. Ziandaliwe upya? Kuandaa ni kufuta. Fundi wa kamera akabonyeza Ndiyo. Mara tatu. Hakuwa na kosa – aliziona tupu, hakuna aliyezifungia.

Dakika nne. Nakala zote tatu. Na zile nakala za akiba tulizotengeneza kila siku? Kabati lile lile.

Kilichobaki ni mkanda wa akiba, nakala ya wiki kumi na moja nyuma. Watu mia nne na kumi na wawili walikuwa wamejaza fomu ndani ya wiki hizo. Fomu za karatasi tulizichana kila tukimaliza kuziingiza, ndivyo utaratibu ulivyotaka. Tukatangaza warudi. Mia mbili hivi walirudi. Waliobaki... mtu aliyekwisha kutembea siku mbili kuja kujiandikisha, ukamwambia aje tena, yuko wapi wa kumwambia?

Kamati ikakaa. Meza ndefu, feni inalia kama inadai mafuta. Nani alikabidhiwa ulinzi wa nakala? Nikasema, "Nilimkabidhi msaidizi wangu." Pole-Pole akanigeukia. Hakukasirika. Alinitazama kama anayengoja nimalizie sentensi. Sikumalizia. Wakamuuliza kama aliwahi kumwonya yeyote. Akasema aliandika barua mbili kwa Mkuu. Wakanigeukia mimi. Nikasema sijapata kuona barua yoyote.

Nilizichana asubuhi ile, chooni.

Aliondoka na boksi: kikombe, kandambili, redio ndogo. Akafungua kibanda cha kutengeneza simu na redio. Yuko hapo mpaka leo.

Na kila Jumapili anakuja kucheza drafti na mimi! Miaka ishirini na miwili. Bado ananiita Mkuu. Kila anapotamka Mkuu, mimi hutazama vizibo ubaoni.

Jumapili, 9 Machi

Amekuja, na machungwa kwenye mfuko. Mimi sauti ni mnong'ono tu sasa. Yeye anaongea kwa ajili yetu wawili.

"Mkuu, leo nakuhurumia, nitakuachia uanze."

Nikanong'ona acha huruma, cheza. Akacheza. Yaani, alitazama ubao muda wa kuchemsha chai na kuinywa, kisha akasogeza kizibo kimoja.

Kasuku akapiga kelele kutoka ndani, "Baba Mdogo, mchezo huo watakuja kuumalizia wajukuu!"

"Wajukuu gani? Niletee mkwe kwanza!"

"Mkwe wa kukungoja wewe ucheze hajazaliwa bado!"

Tulicheka mpaka nikakohoa. Nilikuwa na furaha – niandike hilo pia, ni kweli. Kisha Kasuku akatoka chumbani kwangu. Alikuwa anatafuta kadi yangu ya hospitali kwenye droo za chini. Mkononi ana kitu kimefungwa kitambaa cha buluu.

"Baba, hii nini?"

Nilijua kabla hajafungua. Diski. Ile ya kubeba mkononi, nyeusi, nzito kama kitabu kinene, waya wake umezungushwa na raba iliyokwisha kukauka. Nikanong'ona kwamba ni mbovu, atupe. Lakini Pole-Pole alikwisha kuichukua, kaiweka sikioni, anaitikisa kidogo kama mtu anayesikiliza yai.

"Mbovu huijui mpaka uifungue, Mkuu. Si ulinifundisha mwenyewe?"

Kasuku akasema, taratibu, "Labda mna picha za Mama."

Za mke wangu tunazo nne tu, nyingine ziliharibika tulipohama. Macho yake yalivyokuwa! Nikasema hamna. Nikarudia. Hakuna aliyenisikia, au nilisema moyoni tu. Pole-Pole akaitia mfukoni pamoja na machungwa yaliyobaki. Atajaribu wiki hii. Ataileta Jumamosi, maana Jumapili ana harusi ya mpwa wake.

Mchezo tumeuacha ulivyo. Zamu ni yangu.

Jumanne, 11 Machi

Sauti imeondoka. Niliamka nikataka kumwita Kasuku, ikatoka hewa. Kwa hiyo hata nikitaka kusema, sasa nitasema kwa mkono.

Diski ile ni nini. Niandike kabla ya Jumamosi.

Barua ya pili ya Pole-Pole ilikuwa imenikera, na kilichonikera ni kwamba alikuwa na haki. Ijumaa ile, siku nne kabla ya balaa, nilibaki ofisini wenzangu wakishuka kula. Nikaisimamisha hifadhidata, nikanakili kila kitu kwenye diski ya mkononi, faili kiongozi na yote, nikaja nayo nyumbani. Nilitaka Jumatano kwenye mkutano niitoe mfukoni, niseme, mnaona? Nakala ninayo, nje ya kabati. Majivuno tu. Nilitaka nimshinde msaidizi wangu.

Kwa hiyo Jumanne ile, wengine walipokuwa wameshika vichwa, mimi peke yangu nilijua kwamba hatujapotea! Siku nne tu ndizo zimepotea. Sikumwambia mtu. Nilitaka niingie nayo kama shujaa. Nilikimbia nyumbani, mimi, mtu wa miaka hamsini na saba, tai begani, saa sita mchana. Watu wakanipisha njia.

Nikafungua mlango. Mke wangu alikuwa sakafuni anamfundisha Kasuku kufunga kamba za viatu. Alikuwa anaimba. Hatukujaliwa mtoto, na kuimba alikuwa amekuacha miaka mingi. Kasuku alikuwa kwetu kwa muda tu, mpaka wenyewe wapatikane. Ofisi ilikuwa imeelemewa na watoto, wafanyakazi tukaombwa tuwapokee. Miezi mitano alikuwa nasi.

Mke wangu akauliza mbona nahema. Nikamwambia nafuata kitu. Nikachomeka diski kwenye kompyuta ya nyumbani, maana nakala ambayo hujaifungua si nakala. Ikafunguka. Nzima! Ili kuijaribu, nilihitaji kutafuta namba yoyote ile. Namba moja tu ndiyo niliyokuwa naijua kwa moyo, ya Kasuku, kwenye orodha ya Waliopatikana.

Nikaitafuta. Nikasoma kilichokuwa mbele yangu. Nikachomoa waya.

Mke wangu akauliza, "Imepona?"

Nikamwambia imekufa.

Nikarudi ofisini mikono mitupu. Siku tatu baadaye nikazichana barua.

Nilichokisoma ndilo jambo la pili. Leo siwezi.

Jumatano, 12 Machi

Kasuku amenikata kucha. Tangu sauti yangu iondoke anaongea sana, kama anayejaza chumba.

Alisema, anakumbuka watoto wawili shuleni waliotoka kwenye orodha yetu. Mmoja alikuja kuchukuliwa na babu yake katikati ya somo. Darasa zima lilitoka nje kutazama. Yeye alibaki ndani.

"Nilikuwa najiambia mama yangu alikufa na maji. Ilikuwa nafuu, unajua, Baba? Halafu nilipokua nikaanza kufikiri – na kama hakufa? Kama alikuwepo, na hakuja tu?"

Akapuliza vumbi la kucha kwenye kiganja changu.

"Basi kama hakuja ni heri, nikapata nyinyi." Akacheka. Si kicheko kizuri.

Nilinyoosha mkono kwenye kalamu. Akadhani nina kiu.

"Bumu?"

Nikaitikia kwa kichwa. Mungu wangu, nikaitikia! Nikanywa glasi nzima huku ananitazama.

Alhamisi, 13 Machi

Simu, saa nne asubuhi. Kasuku akaweka spika ili nami nisikie.

"Mkuu! Imezunguka! Faili kiongozi zima, halina mkwaruzo!" Sauti ya mtu wa miaka thelathini. "Nimehangaika siku tatu kutafuta programu ya zamani, lakini imesimama! Ni ile yetu, Mkuu! Hifadhidata yetu! Uliipata wapi?"

Kasuku akauliza kama mna picha.

"Ngoja, mwanangu, ngoja kwanza... tarehe ya mwisho humu..."

Nikasikia redio ya mteja inakwaruza huko kibandani kwake.

"Mkuu. Sisi tulipoteza Jumanne. Hii ni ya Ijumaa."

Kasuku akasema, "Ijumaa ipi, Baba Mdogo?"

"Hamna picha, mwanangu," akasema Pole-Pole. Akakata.

Kasuku akanigeukia kuniuliza ana nini huyu leo. Nilikuwa nimefumba macho.

Ijumaa, 14 Machi

Sikuandika kitu. Nilikaa na kalamu tangu chai mpaka mchana.

Jumamosi, 15 Machi

Amekuja mapema. Amevaa shati lililopigwa pasi, kama siku ile ya kamati. Alimwambia Kasuku aende tu duka la dawa, yeye atakaa na mimi. Kasuku akamtania, leo umependeza, au harusi ya kesho ni yako? Akamkumbusha tu dawa. Kasuku akatoka, akiangalia nyuma.

Akafungua kompyuta yake ndogo mezani, akaigeuzia upande wangu. Hakuniita Mkuu.

"Mzee, mimi siulizi juu yangu. Barua najua ulizisoma. Siku ile ya kamati niliingia chooni baada yako, vipande viwili vilikuwa vinaelea. Mwandiko wangu naujua."

Alikuwa anajua! Siku zote!

"Jumapili ya kwanza nilikuja nikingoja uniambie. Ya pili nikingoja. Baadaye nikasahau ninachongoja, nikawa nakuja tu." Akavuta pumzi. "Lakini huyu mtoto, mzee. Mashine inaandika nani alifungua nini na saa ngapi. Nimeona namba uliyoitafuta. Nimeona na kilichokutana nayo."

Nikaandika kwenye karatasi: mwambie wewe.

Akaisoma, akaikunja vizuri, mara mbili, akanirudishia.

"Hapana. Akilisikia kwangu, wewe atakukosa kabla hujafa. Mimi niliandika mbili. Hii ya tatu iandike wewe, na usiichane."

Akaenda kukaa sebuleni. Nimemwona kupitia mlangoni. Ubao wa drafti uko mbele yake, vizibo viko vile vile vya Jumapili, hajavigusa. Zamu ni yangu bado.

Nimeshika daftari hili, ambalo halikuwa la mtu. Nitampa. Nasikia funguo. Nasikia anavua viatu, anavipanga. Pole-Pole anamwambia kitu, yeye anauliza kwa nini. Miguu yake inakuja ukumbini. Anasema kutoka huko kwamba dawa wamempa ya maji, si vidonge, nitaweza kumeza.

Kasuku, kaa kitandani, usome hapa. Usimsome Baba usoni, soma hapa.

Hukuachwa. Mama yako alikuja. Alikuja siku tano kabla ya Jumanne ile, kutoka kambi ya pili, ambayo mwezi huo huo ilivunjwa na watu wake wakapelekwa mbali. Niliisoma fomu yake, mchana ule, wewe ukiwa sakafuni unajifunza kufunga viatu, na imelala ndani ya diski kwenye droo yangu miaka yote hii. Mtoto wa kike, miaka minne. Kovu la moto nyuma ya goti la kushoto, umbo la haragwe. Na kwenye swali la mwisho, lile ambalo mtu baki hawezi kulijibu, karani wetu alimwandikia maneno yake kama alivyoyasema:

Akitaka maji husema bumu.